Osward Silwimba na Maneno ya Tabianchi

Kijijini kwetu Mwalonde, ukishuka kutoka Chitete kama unaelekea Ivuna, mkutano ambao Osward Silwimba hakuuliza swali ulihesabika kuwa haujafanyika. Hakuwa mkorofi. Alikuwa na sauti ya chini, Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu na kimejaa lafudhi ya Kinamwanga, na alipenda kuanza kwa kusema, "Mimi nataka kuelewa tu." Mgeni akisikia hivyo alitulia. Sisi wenyeji tulijua kazi ndiyo imeanza.

Lakini hakuzaliwa hivyo. Miaka ya themanini, akiwa katibu wa chama cha msingi cha ushirika, alikuwa mtu wa kuamini kuliko wote. Yeye ndiye aliyepima ufuta wetu na mahindi yetu, na yeye ndiye aliyegawa mbolea. Wakati wa soko huria ulipofika, wataalamu walikuja na Landrova wakatuambia kwamba wanunuzi watashindana na mkulima atapanga bei mwenyewe. Walizungumza Kiswahili kigumu, kwa hiyo Osward ndiye aliyetufafanulia, na alifafanua vizuri, maana aliyaamini aliyoyasikia. Msimu wa kwanza wanunuzi walishindana kweli. Misimu iliyofuata walikuja wawili, tena wamekwishapatana njiani. Mbolea ya ruzuku ikakoma, chama kikafa, na ghala likawa mahali pa mbuzi kujikinga na jua. Osward akarudi kwenye jembe, kwenye shamba lake la ukingoni mwa Mto Momba.

Hilo angeweza kulisahau. La pili ndilo lililombadilisha.

Mwaka 2006 walikuja vijana waliovaa fulana za kijani, wa kampuni ambayo hatukuwa tumewahi kuisikia. Walisema dunia inapata joto kwa sababu ya mafuta yanayochomwa kwenye magari na viwanda, na kwamba mti wa mbono una mafuta ambayo Wazungu watayanunua ili kuiponya dunia. Tupande mbono, watakuja kununua mbegu hapa hapa kijijini. Mkewe Osward, Ferista, alimwambia, "Baba Goodness, mbono ni mti wa makaburini. Tangu lini watu wakala makaburini?" Osward hakumsikiliza. Aling'oa ufuta wake akapanda mbono, na akapita nyumba kwa nyumba akitushawishi. Wengi wetu tulipanda, kwa heshima yake.

Mibono ilistawi, hilo ni kweli. Ilizaa, tukavuna, tukajaza magunia, na wale vijana hawakuonekana tena. Simu yao haikupatikana. Kwa muda mrefu, mtu akitaka kuchekesha wenzake kilabuni, alimwomba Osward amuuzie lita ya mafuta ya kuponya dunia. Osward alicheka pamoja nao, kisha akaenda nyumbani na kuikata miti yote, hata visiki akavichoma.

Tangu hapo, neno tabianchi likitajwa redioni, alizima redio. Baadaye akaacha kuzima. Akaanza kusikiliza kwa makini, kama mtu anayemsikiliza shahidi wa upande wa pili. Ndivyo alivyosikia kwamba huko Ulaya nako wanabishana, kwamba kuna watu wanaodai takwimu zimepikwa, na kwamba mikutano mikubwa inavunjika bila makubaliano. Hayo aliyahifadhi kichwani.

Wilaya ya Momba ilipoanza, na makao yake yakawekwa Chitete, alikuja kijijini afisa mmoja wa mazingira aliyeitwa Christina. Alikuwa msichana mwembamba wa watu, mgeni wa mkoa wetu, na alitembea mashamba yote ya mtoni kwa miguu kabla ya kuitisha mkutano. Alileta mpango. Kulikuwa na mradi wa kuchimba visima virefu kwenye vijiji vya bondeni, lakini mradi ulitaka kijiji kikubali kwanza kuacha kulima ukingoni mwa mto na kuurudishia miti. Alisema mvua zinachelewa, zinakuja kwa fujo halafu zinakatika, na mto hautavumilia.

Kufikia wakati ule kijiji kilikuwa kimegawanyika, na jambo hili nalo likagawanywa. Diwani wetu na watu wa chama chake walisema mto unaharibiwa na wafugaji waliohamia bondeni na ng'ombe wao, hivyo wafugaji wakifukuzwa mvua itarudi. Efraimu Sichone, ambaye alikuwa ameshindwa udiwani na bado alikuwa anautaka, alisema hakuna cha mvua wala cha ng'ombe: wanataka tuondoke ukingoni ili ardhi apewe mwekezaji. Ikafika mahali ukisema tabianchi ipo, wewe ni wa chama fulani. Ukisema haipo, wewe ni wa kile kingine. Hata wanawake mtoni walijipanga kwa vyama.

Osward hakuwa wa Efraimu, wala hakuwa wa diwani. Lakini siku ya mkutano, Christina alipomaliza kueleza, yeye ndiye aliyesimama.

"Mimi nataka kuelewa tu," alisema. "Binti yangu, wewe umesoma na mimi sikusoma sana. Unasema nchi imebadilika tabia. Mimi najua tabia ni ya mtu. Mtu akibadilika tabia tunasema ameanza pombe, au amepata mwanamke mwingine. Sasa hii nchi, imeanza nini?"

Watu walicheka. Christina naye alitabasamu, akangoja.

"Wazee wetu," Osward akaendelea, "walituambia Ziwa Rukwa liliwahi kukauka enzi za mkoloni, watu wakapita kwa miguu mahali palipokuwa na mamba. Likarudi lenyewe. Wakati ule hapa Momba palikuwa na magari mangapi? Viwanda vingapi? Huko Ulaya nako nasikia wenyewe hawajakubaliana. Wao hawajakubaliana, sisi tuhame mashamba?"

"Mzee wangu, ni kweli ziwa limekuwa likipanda na kushuka," Christina alijibu. "Sibishi hilo. Lakini siku hizi linashuka wakati joto nalo linapanda, na mvua haiji ilivyokuwa inakuja. Hayo yakikutana, kurudi kwake ni kugumu. Na wanasayansi wengi sana wamekubaliana, Mzee. Wanaobisha ni wachache, ila wana sauti."

"Sawa. Basi nihakikishie jambo moja. Nikiacha shamba langu la mtoni, mwaka kesho mvua itakuwaje?"

Nadhani mtu mwingine pale angejibu lolote tu ili mkutano upite. Christina alisema, "Siwezi kukuhakikishia mwaka mmoja, Mzee. Mwaka kesho mvua inaweza hata kuwa nzuri. Ninachoweza kusema ni miaka mingi kwa pamoja inaelekea wapi."

"Basi hujui," Osward akasema kwa upole.

"Kwa mwaka kesho, sijui."

Pale ndipo mkutano ulipoisha, ingawa watu waliendelea kuongea hadi jua likashuka. Osward alitueleza habari za soko huria, akatueleza habari za mbono, akataja kila mtaalamu aliyewahi kuja na hakika yake. Huyu wa sasa hakuwa hata na hakika. Sijawahi kumsikia akizungumza vizuri kama siku ile. Hakutukana mtu, na kila alichosema kuhusu yaliyopita kilikuwa kweli tupu. Mikono ilipoinuliwa, mpango ulikataliwa. Efraimu alikuja kumshika Osward mkono mbele za watu.

Kisima kilienda kijiji cha Isinde, upande wa pili wa kilima.

Mwaka uliofuata mvua ilikuwa nzuri. Hilo lazima niliseme, maana ndilo lililotumaliza. Mpunga ulijaa, mto ulitiririka hadi Septemba, na kila mtu aliyepita kwa Osward alimpa pongezi kana kwamba mvua ile ameinyesha yeye. Goodness, bintiye, na mumewe Wilbard walipanua shamba lao la mtoni hadi kwenye maji kabisa. Walikata mikuyu iliyokuwa imebaki. Osward aliwasaidia kuikata.

Kisha ukaja mwaka wa kwanza mbaya, na wa pili baada yake ukawa mbaya zaidi. Mvua ya Novemba ilinyesha wiki moja, tukapanda, ikakatika, mbegu zikaoza au zikachomwa na jua. Iliporudi Februari ilirudi kwa hasira, ikabeba udongo wa ukingoni ambako hapakuwa tena na mizizi ya kuushika. Kufika Agosti, Mto Momba kwetu ulikuwa mchanga wenye madimbwi. Ng'ombe walikunywa humo, na sisi tukachota humo humo baada yao. Wanawake walifukua mchanga kwa sahani wakingoja maji yajikusanye.

Ferista alijaribu kwenda Isinde. Alitoka na ndoo mapema akakuta foleni, na zamu yake ilipofika, mwanamke aliyekuwa akisimamia pampu alimuuliza anatoka kijiji gani. Ferista akasema.

"Mama, ninyi si mlikataa?" yule mwanamke akasema. Hakusema kwa ukali. "Wa hapa wakimaliza, kama yatabaki, nitawaita."

Ferista alikaa pembeni hadi mchana, akarudi na nusu ndoo. Alimweleza mumewe yaliyotokea huku akimwangalia usoni. Osward alitoka akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Mwezi wa Septemba homa ya kuhara iliingia. Ilipita kwenye nyumba za mtoni kwanza, kwa sababu ndizo zilizochota kwenye madimbwi ya chini. Goodness alikuwa na mtoto mmoja, Marta, aliyekuwa ameanza tu kuunganisha maneno na aliyempenda babu yake kiasi kwamba alikuwa akimfuata hata chooni. Marta aliugua alfajiri. Wilbard alimfunga mgongoni kwa Goodness, akawapakia kwenye pikipiki ya jirani wakaondoka kwenda zahanati. Barabara unaijua ilivyo. Osward alifuata kwa baiskeli. Alipofika aliwakuta wamekaa kwenye benchi la nje, mtoto amefunikwa kanga hadi usoni, na Goodness anaendelea kumpepea.

Kwenye msiba hakuna aliyemlaumu Osward. Watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Wengine walisema ni wafugaji, kwa maana ng'ombe wao ndio waliochafua maji. Wengine walimtaja bibi mmoja wa jirani ambaye nitamwacha apumzike. Osward alipita katikati ya maneno hayo akigawa maji ya kunawa, na nilipomsogelea kumpa pole aliniambia, "Ingekuwa afadhali wangesema."

"Waseme nini?"

"Wanajua," akasema.

Baada ya arobaini alivaa shati lake la kanisani akaenda Chitete kumtafuta Christina. Alitaka kumwambia kwamba kijiji sasa kitakubali. Kwamba yeye mwenyewe atapita nyumba kwa nyumba kama zamani. Halmashauri walimwambia Christina amehamishwa. Hawakujua vizuri amekwenda wapi, labda Rukwa, labda kaenda kusoma zaidi. Aliyekaa kwenye kiti chake aliitwa Josephat, kijana mkarimu aliyemkaribisha chai na kumsikiliza hadi mwisho.

"Pole sana, Mzee, kwa mjukuu," Josephat alisema. "Ila mradi ule ulikwisha. Wafadhili wamehamia mambo mengine."

"Na ule mto je?"

"Mto upo kwenye taarifa."

Osward alimwuliza kama kuna njia yoyote, hata wananchi wakichimba wenyewe, hata wakianza na miti kwanza. Josephat alichungulia mlangoni, kisha akashusha sauti, kama mtu anayemfanyia mzee wake hisani ya kumwambia ukweli.

"Mzee, nikwambie kitu. Hata mimi haya mambo ya tabianchi siyaamini kihivyo. Tunakwenda semina, tunasaini, tunakula, tunarudi. Mvua ni ya Mungu. Wewe ulisema kweli kwenye ule mkutano, habari zako tulizisikia hadi huku. Usijitese."

Osward aliniambia baadaye kwamba katika maisha yake hakuwahi kusifiwa na maneno yakamuuma namna ile. Alikuwa amekwenda kukubali kushindwa, akaambiwa ameshinda. Chai aliiacha.

Alirudi na kuanza kutuambia. Alipita kweli nyumba kwa nyumba. Alituambia tuache ukingo wa mto bila kungoja kisima, tupande miti, tujaribu mtama badala ya mahindi. Tulimsikiliza kwa adabu. Lakini mtu mwenye njaa hawezi kuacha kipande pekee chenye unyevu, na zaidi ya hapo, tulikuwa tumeshapewa hoja za kutosha za kukataa, na aliyetupa ni yeye. Kijana mmoja alimwuliza ana hakika gani. Osward akasema hana. Kijana akashika jembe lake akaondoka.

Ukaja mwaka wa uchaguzi. Efraimu aligombea tena, safari hii na magari na spika kubwa, na alipofika Mwalonde alimfuata Osward nyumbani.

"Mzee wangu, uje usimame kama siku ile," alimwambia. "Dakika chache tu. Uwaambie habari za hawa wataalamu wa uongo. Watu wanakupenda."

Ferista, aliyekuwa akipepeta unga, alimtazama mumewe akitegemea kusikia hapana. Osward alisema atakuja.

Alipanda jukwaani akapewa kipaza sauti, na watu wakapiga makofi kabla hajafungua mdomo. Akasema, "Siku ile nilimwuliza yule binti swali ambalo hakuna mtu angeweza kulijibu. Nililiuliza nikijua. Alichosema kuhusu mto kilikuwa sahihi. Wataalamu wengine walitudanganya, ni kweli, lakini yeye hakutudanganya, na mimi nilimlipizia yeye ya wale wengine."

Hakufika mbali zaidi ya hapo. Muziki ulifunguliwa, vijana wa Efraimu wakaanza kucheza mbele ya jukwaa, na mmoja akachukua kipaza sauti kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akamshika kiwiko kumsaidia kushuka ngazi. Kufika jioni habari ilikuwa imeenea kwamba Mzee Silwimba amenunuliwa na diwani. Wengine waliongeza kwamba tangu mjukuu afe, akili yake haijakaa sawa. Nadhani hili la pili lilisemwa kwa huruma.

Efraimu alishinda. Desemba alialikwa Mbeya kwenye semina ya madiwani, akarudi na kofia na mkoba mweusi ulioandikwa habari za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Kofia aliivaa kwenye kikao cha kwanza cha kata. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema wananchi ndio wanaokosea kwa kulima kandokando ya mto. Kisima hakukitaja.

Wilbard na Goodness hawakungoja mvua ya msimu ule. Walihamia Tunduma, Wilbard akapata pikipiki ya mtu ya kuendesha, akawa anawavusha watu na mizigo yao kwenye foleni ya malori ya mpakani. Goodness alikuwa mjamzito, kwa hiyo Ferista alimfuata kumsaidia, kwa wiki chache, alisema. Zile wiki zikawa mwezi, na mwezi ukavuka Krismasi. Osward alipanda mahindi Novemba, yakaungua. Akapanda tena.

Mwishoni mwa mwaka alikwenda kuwaona. Walikuwa wamepanga chumba nyuma ya gereji, na alipofika Ferista hakuwepo. Alikuwa kwenye bomba na madumu, kwenye foleni, maana Tunduma nako maji hutoka kwa siku zake. Goodness alimpa baba yake kigoda, akakaa chini kwenye mkeka, tumbo limemtangulia.

"Tata, usirudi kule," alimwambia. "Kaa na sisi hapa."

"Nitafanya nini hapa?"

"Kule unafanya nini?"

Osward akatazama nje. Malori yalikuwa yameegeshwa hadi karibu na dirisha, mengine hayajazimwa injini, na moshi uliingia ndani. Baada ya muda Goodness akasema, bila kumtazama, "Mimi nilitaka uniambie siku ile ya msiba. Nilikungoja uniambie."

"Nilishindwa," Osward akasema.

"Najua."

Neno la msamaha hakulitoa, na Osward hakuweza kuliomba. Ferista alirudi, akatua madumu, akamsalimu mumewe kama mtu anavyomsalimu mgeni wa heshima, akampikia. Unga waliopika ulikuwa wa Zambia, uliovushwa kutoka Nakonde, mweupe na laini. Osward alikula kidogo akasema ni mtamu.

Kesho yake asubuhi aliaga. Ferista hakusema atarudi lini, na yeye hakuuliza. Goodness alimfungia mfuko wa unga ule ule, akamwekea begani, na Wilbard akampeleka hadi kwenye gari la Chitete. Niliposhuka shambani jioni ile nilimkuta amefika, anatembea kandokando ya barabara kuelekea kwake, mkulima wa Momba na mfuko wa unga wa nchi nyingine begani. Nilitaka kumpokea mzigo. Akasema si mzito. Tulipita shamba lake, lile alilopanda upya. Mahindi yalikuwa yamechomoza hadi urefu wa kidole na kukunjamana. Hakugeuza kichwa. Mawingu yalikuwepo kwa mbali, upande wa Rukwa, na tukaachana pale njia panda bila mmoja wetu kuyataja.